Msafiri, Misafir

Lango lilinikatalia mara ya tatu. Taa nyekundu, mlio mfupi, na chuma hakisogei. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wa Istanbul wanaorudi makwao jioni, mifuko mikononi, macho yao kwenye boti iliyokwisha kuanza kunguruma. Kadi yangu ya nauli, ile wanayoiita Istanbulkart, ilikuwa imeishiwa salio, na sikuwa nimelijua hilo kwa sababu maandishi ya kwenye kioo yalikuwa ya Kituruki. Nilikuwa nawaza namna ya kugeuka na kupenya katikati ya watu wote wale, mara mkono ukapita ubavuni mwangu na kugusisha kadi nyingine. Taa ikawa kijani.

"Yalla," sauti ya kike ikasema. "Boti haitusubiri."

Ndivyo nilivyompata dada wa Fes, Morocco. Ilikuwa siku yangu ya pili mjini, mwezi wa Novemba, na mpaka dakika ile sikuwa nimesema na mtu zaidi ya kuuliza bei.

Tulikaa nje, kwenye mabenchi ya mbao ya ubavuni. Kutoka Eminönü hadi Kadıköy ni mwendo wa dakika ishirini hivi: unatoka Ulaya, unashuka Asia, na abiria walio wengi hata hawainui macho kwenye simu zao. Kijana alipita na sinia la chai katika bilauri ndogo zenye kiuno chembamba. Shakwe waliifuata boti wakidaka vipande vya simit, ule mkate wa duara uliojaa ufuta, waliokuwa wakirushiwa na watoto. Nilitaka kumrudishia dada nauli yake. Akaikunja mikono yake kifuani, akasema chai ni juu yangu, yeye anywa na sukari mbili.

Safari ile haikupangwa kuwa ya mtu mmoja. Mimi na rafiki yangu wa tangu shule tuliiwekea akiba miaka miwili, tukichanga kidogokidogo kama mchezo wa upatu. Wiki tatu kabla ya kuondoka, likizo yake ilifutwa. Tiketi yangu ilikuwa imeshalipwa. Nilipompigia mama Tanga kumwambia kwamba nitakwenda hivyohivyo, nilijiandaa kuulizwa habari za wezi na za baridi. Hakuuliza hayo. Aliuliza, "Sasa utakula na nani?"

Sikuwa na jibu. Kwetu sinia linawekwa katikati, na mtu anayekula peke yake ama anaumwa ama amegombana na watu. Usiku wa kwanza nililiona swali la mama limekaa mbele yangu mezani. Niliingia mgahawa mdogo Karaköy, nikaagiza supu ya dengu, wakaniletea na kikapu cha mkate kilichojaa mpaka juu, mkate wa kuwatosha watu wanne. Nikaichagua meza inayotazama ukuta ili nisiwaone waliokaa wengi. Nilikula upesi nikatoka.

Kitu kimoja kilinifariji usiku ule. Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma tangu 2016, kwa hiyo saa ya Istanbul na saa ya Dar ni ileile. Nilipolala saa nne, najua mama naye anafunga dirisha la jikoni. Jua tu ndilo linalokataa: mwishoni mwa Novemba linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na mbili jioni giza limeshaingia. Asubuhi ya kwanza nilisikia adhana ya alfajiri nikajua nimechelewa kuamka, kumbe saa kumi na mbili na nusu ndiyo kwanza inaadhiniwa.

Nilifikia hosteli, chumba cha wanawake sita, vitanda vya ghorofa kama bweni la sekondari. Nilipoichagua kwenye intaneti nilichoangalia ni bei. Sikujua kwamba jiko lake ndilo litakalokuwa sebule yangu. Jioni ile tuliporudi kutoka Kadıköy, mimi na dada wa Fes tukagundua kwamba tunalala nyumba moja, yeye ghorofa ya juu. Ni muuguzi, kila mwaka hujipa siku kumi za kwenda mahali peke yake, na mumewe ameshazoea. Jikoni tulimkuta mzee wa Kipolandi akimenya machungwa, na kijana wa Kolombia aliyetoka Lisbon kwa baiskeli, amekonda, anakula kila anachopewa na kushukuru mara mbili.

Mzee yule alikuwa na miaka 68. Alifundisha jiografia karibu miaka arobaini. Nilipomwambia natoka Tanzania aliweka kisu chini. Akasema Ziwa Tanganyika amelichora ubaoni mara zisizohesabika, lile umbo lake refu kama kidole, akiwaambia watoto kwamba kina chake kinakaribia mita 1,500, na siku zote hizo hajawahi kukutana na mtu aliyetoka nchi ile. Akachukua karatasi ya kufutia mikono akaichora Afrika Mashariki palepale. Ziwa lilikaa sawasawa kabisa. Tanga aliiweka pabaya, chini ya Dar es Salaam. Nikaichukua kalamu, nikaihamisha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta tena jikoni, na mdomo ukanitoka wenyewe: "Shikamoo." Umri wake ni wa baba yangu, nisingeweza kupita kimya. Akauliza maana, nikamweleza, nikamfundisha kujibu marahaba. Dada wa Fes akacheka kwa furaha, maana kwao marhaba ni karibu, na huko nje mtaani kila mwenye duka anakuamkia kwa neno hilohilo, merhaba. Siku nzima ya kwanza nilikuwa nimelisikia madukani, na kila mara nikishtuka, kana kwamba wazee wa mji ule wananiitikia shikamoo ambayo sijaitoa. Tangu asubuhi ile mzee akawa anaingoja shikamoo yake. Hakunywa chai kabla hajaipata.

Ukiwa na masikio ya Kiswahili, Istanbul haikuachi mgeni kabisa. Saa ni saat. Kitabu ni kitap. Hesabu unayoomba mwisho wa chakula ni hesap, sabuni ni sabun, habari ni haber, duka ni dükkân. Kiarabu kilipita kwao kama kilivyopita pwani yetu, kikaacha vitu vyake mlangoni. Mwuza mahindi ya kuchoma pale Eminönü aliita mısır, mısır, nami nikadhani anaitangaza nchi ya Misri. Kumbe ndilo jina la mahindi kwao. Sisi tuliyapa jina la India, wao la Misri, na zao lenyewe lilitoka Amerika. Kijana wa Kolombia alilipokea hilo kwa heshima kubwa, akala mahindi mawili.

Siku ya nne tulikwenda Ayasofya wote wanne, na hapo mlangoni tukagawanyika. Jengo lile Kaizari Justinian alilimaliza mwaka 537 likiwa kanisa. Sultani Mehmed wa Pili alipouteka mji mwaka 1453 likawa msikiti, katika miaka ya 1930 likafanywa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Wanaokwenda kuswali huingia chini, bure. Watalii wana mlango wao. Wanalipa euro 25 na kupandishwa roshani ya juu. Kwa hiyo mimi na dada wa Fes tukaingia kwa mlango mmoja, mzee na kijana kwa mwingine.

Chini tuliona zulia la kijani lisilo na mwisho, taa zilizoning'inia karibu na vichwa, na juu, mbali sana, kuba lililokaa kama halijashikwa na kitu. Tuliswali adhuhuri. Bega lake kwenye bega langu, mtu niliyemjua kwa siku moja na nusu, na kila sauti ya imamu nikajua kinachofuata. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ningeweza kusimama na mgeni hivyo bila kuhitaji hata neno la kutafsiriwa.

Tulipotoka tuliwakuta wenzetu wamekaa kwenye ukingo wa bustani, na ndipo ilipoanza sehemu niliyoipenda kuliko ziara yenyewe. Kila upande ulikuwa na nusu ya jengo. Wao walikuwa wameziona zile picha za vijiwe vya rangi, Masihi na mamaye, dhahabu inayomeremeta nyuma yao. Sisi tulikuwa tumekanyaga zulia na kusikia sauti inavyopanda. Tukapeana. Mzee akasimulia kwamba alipokuja mara ya kwanza, miaka mingi nyuma wakati bado ni makumbusho, alionyeshwa huko juu mikwaruzo kwenye marumaru: jina la Halfdan, limechongwa kwa herufi za watu wa kaskazini ya Ulaya, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Pengine askari wa kukodiwa, aliyechoshwa na ibada ndefu katika lugha asiyoijua, akatoa kisu akaandika jina lake. Nimemfikiria sana mtu huyo. Sitetei kuchora majengo. Ila naijua ile haja ya kutaka mji mkubwa ujue kwamba na wewe ulikuwepo.

Njaa ilitupandisha kilimani kwa Süleymaniye, msikiti ambao Mimar Sinan aliukamilisha mwaka 1557. Mbele yake kuna safu ya migahawa inayouza kitu kimoja tangu zamani: maharage makavu yaliyopikwa polepole, na wali pembeni. Nilipoletewa sahani nilinyamaza kwanza. Nimeruka usiku kucha, nimevuka bahari na jangwa, na nimewekewa wali maharage. Rangi ileile nyekundu ya nyanya, na kwenye wali tambi fupi zilizokaangwa kwa siagi. Wenzangu walikuwa wanakula kwa adabu, wali mbali, maharage mbali. Nikawaambia hapana, mwagia juu, changanya. Mzee akafanya kama nilivyofanya. Kijana wa Kolombia akasema kwao nako ni hivihivi, maharage juu ya wali, bibi yake ndivyo anavyopika, akainamia sahani na hakuzungumza tena mpaka ilipokwisha.

Tuliomba hesap. Mwenye mgahawa, mtu mzima mwenye sharubu nyeupe, alihesabu chakula akaacha chai. Nikamwonyesha bilauri nne tulizokunywa. Akaweka mkono kifuani: "Misafir."

"Anasema sisi wasafiri," nikamwambia dada. Naye akakubali, maana kwa Kiarabu chake musafir ni mwenye safari. Lakini yule bwana akatikisa kichwa. Hakuonyesha barabara wala begi. Aliigusa meza tuliyokalia na viti vyetu. Mzee akaandika neno lile kwenye programu ya kutafsiri. Kwa Kituruki misafir ni mgeni: yule aliyeketi kwako, uliyempa chai. Na mtu anayebisha hodi bila taarifa wanamwita Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu.

Neno lilelile, lilipofika kwetu pwani likashika njia yake, na lilipofika kwao likavuliwa viatu na kukaribishwa ndani. Nimelibeba tangu siku ile. Mimi nimelelewa kukaribisha. Nikiona mtu mlangoni mkono unaenda kwenye birika wenyewe. Kukaribishwa ndiko sikukuzoea. Siku ile pale langoni, nilipokwama na kadi tupu, jambo lililonitesa halikuwa nauli, lilikuwa kuhitaji mtu. Na ningekuwa na rafiki yangu pembeni, angegusisha kadi yake tukapita, na dada wa Fes angebaki mgongo mmoja kati ya migongo ya foleni.

Nisikudanganye kwamba kila anayekusogelea ni rafiki. Karibu na Ayasofya huwezi kupiga hatua kumi bila mwanaume mwenye Kiingereza laini kukuuliza unatoka wapi. Mmoja alitembea nami robo saa, akanisimulia ndugu yake aliyewahi kufika Zanzibar, na mwisho wa hadithi tulikuwa mlangoni mwa duka la mazulia, chai ya tofaa imeshamiminwa. Nilishukuru nikaondoka, moyo ukinienda mbio. Nilichojifunza ni kuangalia haraka. Mwenye biashara ana haraka ya kujua jina lako, hoteli yako, na uko na nani. Msafiri mwenzio anaanza na mambo madogo: maji ya moto yako wapi, soketi ipi inafanya kazi, ile boti ya mwisho ni saa ngapi. Kuna pia waliotaka kupiga picha nami barabarani kwa ajili ya ngozi na misuko yangu. Walioomba niliwakubalia. Aliyeinua simu kimyakimya nilimgeuzia mgongo. Na kila usiku, bila kukosa, nilimwandikia dada yangu wa Dar nilipo.

Siku ya tano nilikwenda Laleli peke yangu, kwa sababu wifi aliniagiza gauni. Huko ndiko inakonunuliwa nguo ya jumla, mtaa kwa mtaa, na katikati ya vibao vya Kirusi nikasikia kwa masikio yangu: "Weka pembeni hiyo, hiyo si saizi!" Mama mmoja wa makamo, kitenge juu ya koti zito, anasimamia mzigo wake ufungwe kwa kargo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Wa wapi wewe?"

"Tanga, mama."

"Umefuata mzigo gani?"

"Sikufuata mzigo. Nimekuja kutembea tu."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Na nani?" Nikamwambia peke yangu. Hakucheka, wala hakunikaripia. Alikaa juu ya furushi lake, akasema ana duka Kariakoo, huu ni mwaka wa nane anakuja Istanbul, mara tatu nne kwa mwaka, na anachokijua ni uwanja wa ndege, hoteli, na mitaa hii sita. Siku zake ni nne, kila siku ina hesabu yake. "Hizo boti nazionaga tu kwenye picha," akasema.

Nilimwomba aje jioni. Akasema hawezi. Saa kumi na nusu akanipigia: mzigo umeshapimwa, tukutane wapi.

Tulimngoja Eminönü, wote wanne. Nilishaijaza kadi yangu, na safari hii ni mimi niliyeigusisha kwa ajili ya watu. Mama alipomwona mzee, mwenye mvi zake, akainamisha kichwa kwa mazoea tu, "Shikamoo mzee," huku akinigeukia kuendelea na maneno mengine. Na mzee wa Kipolandi, kwa sauti ya mwalimu, akajibu: "Marahaba." Mama alisimama katikati ya lango. Watu wa nyuma ikabidi wamzunguke.

Hakutaka kukaa ndani. Tukakaa nje na baridi yetu, giza linaingia, misikiti imewashwa taa juu ya vilima nyuma yetu, na mbele, upande wa Asia, kituo cha reli cha Haydarpaşa kimesimama majini kama ngome. Mzee akatueleza kwamba Wajerumani walianza kukijenga mwaka 1906, kwa ajili ya reli ya kwenda Baghdad. Nikamwambia reli ya kwetu Tanga nao ndio walioianza, mwaka 1893. Tukawa tunakitazama kwa macho mengine, mimi na yeye, kama watu waliogundua kwamba wana jirani mmoja.

Mama alikuwa kimya muda mrefu. Aliwatazama abiria: wafanyakazi waliosinzia, wanafunzi, mama mwenye mfuko wa vitunguu miguuni. Halafu akaniegemea sikioni.

"Kumbe ni Kigamboni," akasema.

Ndiyo. Ni pantoni ya Magogoni, ila ndefu zaidi, na chai. Kijana wa sinia alipopita mama alimzuia kwa mkono, akahesabu vichwa vyetu kwa kidole, akatoa noti kabla yeyote hajafungua pochi. Dada wa Fes alijaribu kubishana. "Mwambie atulie," mama akaniambia. "Leo mimi ndiye mwenyeji." Tulifika Kadıköy hatukwenda mbali, tulinunua simit, tukarudi na boti iliyofuata, kwa kuwa ndege yake ilikuwa alfajiri. Alipoagana nami alinishika mashavu yote mawili, kama mtu wa ukoo.

Siku zilizobaki zilipita upesi. Kijana alivuka kwenda Asia na baiskeli yake, tukamsindikiza mpaka botini. Wageni wapya wakaingia hosteli, na msichana mmoja wa Korea alipouliza maji ya moto yako wapi, ni mimi niliyeinuka kumwonyesha. Kadi yangu nilimwachia yeye, ikiwa na salio.

Tuna kundi la WhatsApp, linaitwa Misafir. Mama wa Kariakoo yumo. Hutuma picha ya boti kila akienda, na mara moja alituma picha ya wenzake watatu wa Laleli wamekaa benchi la nje, bilauri mkononi. Wiki iliyopita mzee alituma ujumbe wa sauti. Julai anakuja kuliona ziwa lake, na kabla ya ziwa anataka Tanga, aone reli. Aliuliza mambo mawili: basi la kutoka Dar linachukua muda gani, na je, mtu akifika peke yake, si shida?

La basi nilimjibu: ni kilomita kama 350, aondoke asubuhi. La pili nilimpelekea mama yangu, Tanga, sauti ya mzee. Mama alisikiliza mara mbili, kisha akataka kujua Mpolandi anakula nini.